Uwanja wa Ndege Usikutoe Jasho: Panga Pesa na Laini Yako Kabla ya Safari

Uliza watu watano waliosafiri nje ni nini kiliwaudhi zaidi kwenye uwanja wa ndege, utapata majibu matano. Mmoja atataja foleni ya pasipoti. Mwingine begi lililochelewa. Wa tatu atakuambia kuhusu chai aliyouziwa kwa bei ya mlo mzima. Wa nne alipelekwa jengo lisilo lake, na wa tano simu ilimzimikia kabla ya kuonyesha tiketi.

Ukiwasikiliza vizuri, wengi wanalalamikia mambo mawili. Hawakujua ni nini kinafuata, na pesa yao haikuwa mahali walipoihitaji. La kwanza kwa kiasi kikubwa ni kazi ya wenye uwanja. La pili liko mikononi mwako, na unaweza kulimaliza ukiwa bado nyumbani.

Kwa nini kusubiri kunachosha

Mwaka 1985, mtaalamu wa biashara David Maister aliandika kuhusu jinsi watu wanavyohisi wakiwa kwenye foleni. Alisema muda wa kukaa bure huonekana mrefu kuliko muda wa kufanya jambo, na kusubiri usikoelezwa sababu huudhi kuliko kusubiri ulikoelezwa. Yeyote aliyewahi kukaa getini akiona ubao umeandikwa tu kwamba ndege imechelewa anajua hilo bila kusoma kitabu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha uwanja wa Houston, Marekani. Abiria walilalamika kwamba mizigo inachelewa. Wasimamizi waliongeza wafanyakazi, lakini malalamiko hayakuisha. Mwishowe walihamisha mahali pa kushukia mbali zaidi na mkanda wa mizigo, watu wakawa wanatembea badala ya kusimama. Muda ulikuwa karibu ule ule, ila malalamiko yakapungua.

Changi, uwanja wa Singapore, unasifiwa kwa maporomoko ya maji ya mita 40 yaliyo ndani ya jengo la Jewel lililofunguliwa 2019. Lakini msafiri wa kawaida anayesubiri ndege ya kuunganisha hufurahia vitu vidogo zaidi: maji ya kunywa ya bure, sinema ya bure, mahali pa kuchaji simu na mabango yanayosomeka. Hapo hata saa nne za kusubiri zinapita.

Sisi tuna kumbukumbu zetu. Tarehe 7 Agosti 2013, moto uliteketeza ukumbi wa kuwasili wa kimataifa pale JKIA, na kwa muda abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea nchini na uwanja ukakaa gizani hadi waziri wa uchukuzi akaomba radhi. Tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi waligoma na wasafiri wakakwama kwa saa nyingi. Siku kama hizo, mwenye simu yenye chaji, salio na namna ya kulipa angalau anaweza kupiga simu, kununua chakula au kutafuta mahali pa kulala. Asiye navyo anabaki kutazama ubao.

Kabla hujafika kwenye kaunta

Kwa safari ya kimataifa, fika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Hizo saa tatu zinaanza kuliwa mapema. Kuna msongamano wa Mombasa Road. Halafu kuna ukaguzi wa langoni JKIA, ambapo abiria hushuka garini na kupita kwenye mashine kwa miguu huku dereva akipitisha gari. Kisha kuna suala la jengo: JKIA ina 1A hadi 1E, na Terminali 2. Angalia tiketi yako, umwambie dereva jengo lenyewe. Usimwambie tu "nipeleke airport".

Lipa nauli ya teksi kabla ya kushuka, wakati bado una utulivu. Ukilipia kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Mtu aliye mbioni hukosea nambari kirahisi, na kufuatilia pesa iliyoenda kwa mtu mwingine huku jina lako likiitwa getini si mchezo.

Beba chupa tupu ya maji. Vinywaji vinavyozidi mililita 100 havipiti ukaguzi wa mizigo ya mkononi, ila chupa tupu hupita, na viwanja vingi vina mabomba ya maji ya kunywa upande wa ndani. Na kama duka la ndani linataja bei kwa dola, uliza kwanza kwa shilingi ni ngapi. Kila duka lina kiwango chake cha kubadilisha, na kwa kawaida si cha kukufurahisha.

Pesa gani ubebe?

Wateja wengi hutuuliza kama wabebe shilingi wakabadilishe huko waendako. Kwa nchi nyingi za mbali, jibu letu ni hapana. Nje ya kanda yetu, shilingi ya Kenya haibadilishwi kila mahali, na inapokubaliwa bei huwa ya kukuumiza. Badilisha kiasi kidogo hapa nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari, kwenye benki au duka la fedha za kigeni lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Linganisha maduka mawili au matatu. Kagua noti pia. Dola iliyochanika, iliyochorwa au ya toleo la zamani inaweza kukataliwa, au ukapewa bei ya chini.

Wanaoenda Ghuba wana jambo moja zuri la kujua. Sarafu nyingi za huko zimefungwa na dola kwa kiwango kisichobadilika. Dola 1 ni dirham 3.6725 za Falme za Kiarabu, riyal 3.75 za Saudi Arabia na riyal 3.64 za Qatar. Kwa hivyo unaweza kujua mara moja kama kaunta inakukata sana. Tuseme umefika Dubai na dola 200, kaunta ikakupa dirham 3.40 kwa kila dola. Utapata 680. Kwa kiwango kamili ungepata 734.50. Hizo dirham 54.50 zimebaki pale. Badilisha kidogo tu cha usafiri na chakula, nyingine ubadilishe mjini.

Kama una kadi, kuna mtego mwingine. Mashine ya dukani au ya kutoa pesa inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya au kwa sarafu ya huko. Shilingi zinavutia kwa sababu unazielewa. Lakini ukizichagua, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi huongeza faida yake. Chagua sarafu ya nchi uliyopo.

Na kama unabeba pesa nyingi, dola 10,000 au zaidi au thamani hiyo kwa sarafu nyingine, sheria inataka uitangaze kwa maafisa wa forodha. Kuitangaza si kosa. Kuificha ndilo kosa.

Laini yako inasafiri nawe au inabaki?

Hapa ndipo watu hupoteza kwa kweli. Nambari yako si ya kupiga simu tu. Imeshikana na pesa yako, benki, SACCO, eCitizen na WhatsApp. Kila mojawapo ikitaka kuhakikisha ni wewe, inatuma nambari ya uthibitisho kwenye laini hiyo. Laini ikiwa kwenye droo kule Kitale na wewe uko Riyadh, huwezi kuingia.

Uliza kampuni ya laini yako kuhusu romingi, yaani laini kufanya kazi ukiwa nchi nyingine, kabla hujaondoka. Uliza inawashwaje, kupokea ujumbe na simu kunatozwa ngapi, na kama menyu ya pesa itafanya kazi huko. Kisha zima data ya romingi kwenye simu ili salio lisiliwe na programu zinazojisasisha zenyewe. Kumbuka pia kwamba viwanja vingine hutuma ujumbe kwenye simu kabla ya kukuruhusu kutumia Wi-Fi ya bure. Laini isiyopokea ujumbe haitakusaidia hapo.

Kwa anayeenda kazi ya miaka miwili, tahadhari ni kubwa zaidi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa, na baadaye nambari ikapewa mtu mwingine. Fikiria mgeni kabisa akipokea ujumbe wa benki yako. Una njia mbili: ama itumie laini hiyo mara kwa mara ili ibaki hai, au uende benki na SACCO kabla ya safari ubadilishe nambari iliyosajiliwa.

Je, umwachie ndugu laini pamoja na PIN? Tunaelewa sababu. Kuna karo, kuna dawa za mzazi, kuna fundi anayejenga. Hata hivyo tunasema usifanye hivyo. Akaunti imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na kila kinachofanyika humo kinahesabiwa ni wewe umefanya, pamoja na mikopo. Mtumie ndugu pesa kwenye laini yake mwenyewe. Hata yeye atakuwa na amani, maana hakuna atakayemshuku.

Ukisafiri na laini, weka PIN ya kadi yenyewe ya laini, mbali na ile ya pesa. Simu ikiibiwa, mwizi hataweza kuhamishia laini yako kwenye simu nyingine aanze kupokea ujumbe wako. Kupata laini mbadala ukiwa ng'ambo si kazi ya dakika tano.

Matapeli wanajua ratiba ya ndege

Safari ya Nairobi hadi Dubai huchukua takriban saa tano. Kwa muda huo simu yako haipatikani. Tapeli aliyeona picha yako ya kuaga mtandaoni anajua hilo. Atampigia mama: "Mtoto wako amezuiwa na maafisa hapa airport, karatasi moja haijalipiwa, tuma haraka ndege isimwache." Mama anajaribu kukupigia, hakupati, hofu inampanda, anatuma.

Dawa yake haina gharama. Waachie nyumbani saa ya kuondoka, saa ya kutua na jina la shirika la ndege. Kubalianeni swali moja ambalo ni nyinyi tu mnaojua jibu lake. Picha ziweke mtandaoni ukishafika.

Utapeli wa pili ni wa mzigo uliokwama. Rafiki wa mtandaoni anadai amekutumia zawadi, kisha "afisa wa forodha" anakupigia utume pesa ndipo uachiliwe. Ushuru wa serikali hautumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ukiona hivyo, kata simu.

Wa tatu ni wa kazi za nje. Wakala anayekutaka utume pesa ya "mwisho mwisho" kwa nambari yake binafsi ukiwa umeshafunga begi anatumia haraka yako kukubana. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala hawa. Hakikisha jina la wakala liko kwenye orodha yake kabla ya kulipa hata shilingi moja, na udai risiti ya kila malipo.

Siku moja kabla ya safari

Kaa chini dakika ishirini ukague haya:

- Simu imechajiwa, na betri ya akiba iko kwenye mzigo wa mkononi. Hairuhusiwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.
- Tiketi, viza na ukurasa wa pasipoti vimehifadhiwa kwenye simu, na nakala ya karatasi iko begini.
- Romingi imewashwa na umejaribu kupokea ujumbe.
- Una njia mbili za kulipa, kwa mfano kadi na pesa taslimu kidogo, na hazikai mfuko mmoja.
- Akiba yako kubwa haiko kwenye laini unayosafiri nayo.
- Nambari zetu za huduma kwa wateja zimeandikwa kwenye karatasi. Simu ikipotea, nambari zilizo ndani yake hazitakusaidia.
- Nyumbani wanajua ratiba yako na swali la siri.

Unaporudi, kumbuka mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hivyo ule wa dukani uache huko huko. Kubaliana nauli na dereva kabla ya begi kuingia garini. Tena uhakikishe laini yako ya nyumbani ina salio kabla ya kutua, ili mtu wa kwanza utakayempigia awe yule anayekungoja nje.

Ukiwa na swali kuhusu laini au akaunti yako kabla ya kusafiri, pitia duka letu lolote au utupigie wiki moja mapema. Ni rahisi zaidi kukusaidia ukiwa bado hapa.