Kanisa Dogo la Wafungwa wa Vita Mai Mahiu

Waamini wa kwetu Musoma wasafirio kwa basi kwenda Nairobi kupitia Sirari na Narok hufika Mai Mahiu, mji mdogo wa Kenya ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Basi likianza kupanda mlima, kando ya barabara huonekana kanisa dogo mno, lenye nafasi ya watu kiasi cha 12. Wengi hulipita wakiwa usingizini.

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano. Majeshi ya Italia yalishindwa Ethiopia mwaka 1941, na maelfu ya askari wakaletwa Kenya na kuwekwa kambini. Baadhi yao walipewa kazi ya kuchonga barabara katika mteremko huo, ile ile ambayo magari huipanda hadi leo. Barabara ilikuwa amri ya Waingereza. Kanisa walilijenga ili wapate mahali pa kusali.

Tusiwapambe kupita kiasi. Nchi yao iliivamia Ethiopia mwaka 1935, na gesi ya sumu ikatumika dhidi ya watu wa huko. Miongoni mwa waliokwenda kupigana nao walikuwamo askari wetu wa King's African Rifles, yaani KAR, kikiwamo kikosi cha 6 cha Tanganyika. Huenda babu wa msomaji wetu wa hapa Buhare aliwahi kumlenga bunduki mtu yule yule aliyekuja kuweka jiwe katika ukuta wa Mai Mahiu.

Basi Mkatoliki apitaye pale amwombee nani? Mama Kanisa, katika matendo ya huruma, hutuagiza kuwatembelea wafungwa na kuwaombea wazima na wafu, wala hakuweka sharti kwamba mfungwa awe hana hatia. Huko Nyeri, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi hayo na kufariki Nairobi akiwa mfungwa tarehe 3 Machi 1942, amelazwa katika kanisa la kumbukumbu pamoja na mabaki ya askari wake zaidi ya 600. Wageni huwasha mishumaa kwa ajili yao, nasi hatuna sababu ya kuwaonea kijicho.

Ila babu zetu nao wana haki ya sala hiyo. Mwezi Novemba, parokiani tunapoandika majina ya marehemu wetu kwa ajili ya Misa, familia yenye mzee aliyekwenda KAR asirudi iliandike jina lake, hata kama hakuna ajuaye alikozikwa.