Usipokee Hela Kabla ya Picha Tatu: Namna ya Kuboresha Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Leo naongea na wewe unayeuza vifaa vya kompyuta kwa WhatsApp, Instagram au Facebook, hata kama mzigo wako unaenea kwenye begi moja. Nataka nikuoneshe kosa lililonitoa laki mbili na themanini mkononi, ili wewe usilirudie.

Mwaka wa kwanza nimefungua duka, kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia inbox: "Kaka, una kadi ya RX 580?" Nilikuwa nayo moja. Nikamtajia 280,000, hakuomba hata kupunguziwa. Akatuma hela, nikafunga mzigo vizuri, nikaupeleka stendi ukapanda basi. Nilifurahi sana, maana ilikuwa hata saa nne asubuhi haijafika.

Kesho yake jioni simu ikaita. "Kaka, hii kadi ina tundu la waya ubavuni, na kwenye kompyuta yangu huo waya haupo."

Nikamuuliza ni kompyuta gani. Dell OptiPlex 9020, zile za ofisini zinazoingia kama mtumba, ameigeuza ya gemu. Pawa saplai yake ni ya wati 290, na haina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi. RX 580 peke yake inakula mpaka wati 185. Nikamwambia abadilishe pawa saplai. Fundi wake akamjibu kwamba mashine hiyo inatumia plagi ya pini 8 kwenye ubao mama, sio ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo atafute na adapta. Bajeti yake ilishaisha.

Nilirudisha hela yote na nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Kadi ilirudi salama. Mteja hakurudi mpaka leo.

Kosa lilikuwa langu. Aliomba kadi, nikamuuzia kadi. Hakuna kati yetu aliyeuliza kompyuta yenyewe inahitaji nini na inaweza kubeba nini. Tangu siku ile sipokei hela ya mteja anayeboresha kompyuta kabla hajanitumia picha tatu.

PICHA TATU NINAZOOMBA

Picha ya kwanza: stika ya pawa saplai pamoja na waya zake zote. Stika inakuambia wati. Waya zinakuambia kama kuna plagi ya pini 6 au 8 ya kadi.

Picha ya pili: ndani ya kompyuta ikiwa imefunguliwa ubavu. Hapo unaona nafasi ya kadi, matundu ya RAM yaliyobaki wazi, na kama keisi ni mnara mkubwa au ile nyembamba. Keisi nyembamba inataka kadi fupi ya kimo. Ukituma ya kawaida, haitaingia.

Picha ya tatu: Task Manager baada ya kucheza. Mwambie mteja acheze gemu lake dakika kumi, halafu abonyeze Alt na Tab kutoka nje ya gemu, afungue Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, aende sehemu ya Performance. Zile grafu zinaonesha sekunde 60 zilizopita, kwa hiyo apige picha haraka. Akipiga ya prosesa, RAM, diski na kadi, umeshajua tatizo bila kusafiri.

Namna ya kuzisoma ni rahisi. Kinachogonga juu kabisa wakati vingine vimepumzika, hicho ndicho kinachobana. Kadi ikiwa 99 na prosesa 50, tatizo ni kadi. Prosesa ikiwa 95 na kadi 60, tatizo ni prosesa. RAM ikijaa na diski iko 100 muda wote, kompyuta imekosa nafasi, inahangaika kuhamisha vitu kwenda kwenye diski. Hapo gemu linakwama kidogo, linaendelea, linakwama tena.

MFANO HALISI: LAKI TATU NA NUSU

Miezi michache baadaye alikuja kaka mmoja wa Mbagala anayechezesha vijana gemu kwa malipo. Vijana walishaanza kumkimbia kwa sababu mpira unakwama mtu akiwa golini. Alikuja na 350,000 na ombi moja: "Niwekee i7, naambiwa i5 ndio inaua gemu."

Kusema ukweli i7 ningeweza kumuuzia. Mashine yake ilikuwa OptiPlex 9020 ya mnara yenye i5-4570, na i7-4770 inakaa kwenye soketi hiyo hiyo. Lakini niliomba picha. Prosesa ilikuwa kwenye 55. RAM ilikuwa kipande kimoja cha GB 4, imejaa. Diski ilikuwa hadidiski ya zamani, iko 100. Kadi hakuwa nayo kabisa, alikuwa anatumia michoro ya ndani ya prosesa, nayo iko 100.

Ningemuuzia i7 angerudi nyumbani na tatizo lile lile, mfuko mtupu, na vijana wakiendelea kuhama. Nikampangia hivi, kwa bei za siku ile dukani kwangu:

- Kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4, mtumba: 200,000
- RAM ya DDR3, vipande viwili vya GB 8: 70,000
- SSD ya GB 256: 55,000
- Pesti ya prosesa: 5,000
- Kazi ya kufunga na kusafisha vumbi: 20,000

Jumla 350,000. Bei zinabadilika, usizichukue kama msahafu. Chukua mpangilio.

Kwa nini 1050 Ti? Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa mpaka wati 75, na 1050 Ti nyingi zinaishia hapo hapo, hazihitaji waya wa ziada. Halafu EA Sports FC 24 aliyotaka kuchezesha, kiwango chake cha chini kinataja kadi hiyo hiyo na RAM ya GB 8.

Kwa nini RAM vipande viwili na sio kimoja? Vipande viwili vinavyofanana vinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, prosesa inapata data haraka zaidi. Pia ukumbuke DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato wa chini uko sehemu tofauti. Ukilazimisha, utavunja tundu.

SSD nilimwambia ukweli: haitaongeza fremu kwa sekunde. Kazi yake ni kuwasha kompyuta na kufungua gemu haraka, na kupunguza kukwama pale gemu linaposoma vitu vipya. Hadidiski nzima inasoma kama MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika karibu MB 550. Hadidiski yake hatukuitupa, tuliiachia gemu nyingine, maana GB 256 ni Windows na gemu moja kubwa tu.

Kaka yule ameniletea wateja watatu mpaka sasa. Faida ya kwenye i7 ningekula mara moja tu.

HELA NYINGI IENDE KWENYE KINACHOHAMA

Hii nilijifunza kwa kuchelewa. Mteja mwenye kompyuta ya zamani siku moja ataibadilisha. Akihama, kadi anaondoka nayo. SSD anaondoka nayo. Prosesa ya soketi ya zamani na RAM ya DDR3 zinabaki pale pale.

Kwa hiyo kwenye bajeti ndogo, sehemu kubwa ya hela iende kwenye kadi, halafu SSD. RAM nunua ya kutosha, mtumba inafaa. Prosesa iwe ya mwisho, na iwe tu kama picha ya tatu imeonesha ndiyo inayobana.

MITEGO YA KADI

Kuna GTX 1650. Ina nguvu kuliko 1050 Ti, na nyingi hazihitaji waya. Lakini zipo zenye tundu la pini 6. Usiandike "haihitaji waya" kwenye posti kabla hujaigeuza ubavu ukaangalia mwenyewe.

Kuna RX 6400. Inakula umeme kidogo, wati 53, wauzaji wanaipenda kwa kompyuta za ofisini. Shida yake inatumia njia 4 tu za mawasiliano na ubao mama. Kwenye mashine mpya haisumbui, kwenye mashine za zamani inapoteza nguvu. Pia haina sehemu ya kurekodi video ndani yake, kwa hiyo mteja anayerusha gemu mubashara atakulaumu.

Kuna kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji wa kutumia kadi, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Sio lazima ziwe mbovu, ila zimefanya kazi usiku na mchana. Pima kwanza, halafu uuze.

Na kuna feki kabisa. Niliwahi kununua 1050 Ti kwa bei ya kuchekesha. Windows ikaiita 1050 Ti vizuri tu. Nilipofungua programu ya GPU-Z, mbele ya jina kukaandikwa FAKE. Ndani ilikuwa kadi ya miaka mingi nyuma, wamebadilisha programu yake tu. GPU-Z ni ya bure, iweke kwenye flashi, tembea nayo unapoenda kununua mzigo.

PIMA, REKODI, TUMA

Kabla mzigo haujapanda basi, mimi nafanya hivi:

1. Kadi: GPU-Z kuhakiki jina, kisha FurMark dakika 15. Joto likipita nyuzi 80 na bado linapanda, nasafisha feni na kubadilisha pesti, napima tena.
2. SSD: CrystalDiskInfo kuona afya, na H2testw kuona kama GB zilizoandikwa ni za kweli.
3. RAM: nawasha kompyuta nikiwa nimeifunga, naangalia kama GB zote zinasoma, napima kwa MemTest86.
4. Narekodi video fupi ikionesha namba ya kifaa na kipimo kikiendelea, namtumia mteja kabla hajalipa.

Video hiyo inamlinda mteja, na wewe inakulinda. Akisema "kimekuja kibovu", mna pa kuanzia kuongea bila kutukanana.

SEMA NA YALE YASIYOUZA

Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0. Ile i5-4570 ni kizazi cha nne, haimo. Kwenye Windows 11, gemu kama Valorant linadai TPM 2.0 iwe imewashwa, kwa hiyo ujanja wa kulazimisha Windows kwenye mashine ya zamani unaweza kumgomea mteja hapo.

1050 Ti nayo ni ya mwaka 2016. NVIDIA wameshaacha kuitolea draiva za gemu mpya, imebaki kupata za usalama tu. Kwa FC 24, GTA V na gemu za umri huo bado inafanya kazi. Kwa gemu zitakazotoka mwakani, usimuahidi mtu.

Ndiyo maana kuna wateja nawaambia wasiboreshe. Gharama ya kuboresha ikikaribia bei ya kompyuta ya ofisini ya kizazi cha nane, kwa mfano yenye i5-8500 ya kori 6, namwambia: "Mdogo wangu, subiri miezi miwili, ongeza kidogo, nunua hiyo, kadi tutaweka baadaye." Leo nimekosa mauzo. Akishapata hela ananitafuta mimi, kwa sababu ndiye niliyemzuia asipoteze.

POSTI YAKO IANDIKE HIVI

Badala ya "RX 580 kali sana, bei poa, njoo inbox", andika: "RX 580 GB 8, mtumba, imepimwa. Inahitaji pawa saplai nzuri yenye waya wa pini 8. HAIFAI kwa Dell na HP za ofisini bila kubadilisha pawa saplai. Tuma picha ya kompyuta yako nikushauri bure."

Utaogopa kwamba neno HAIFAI litafukuza wateja. Kweli litawafukuza wachache, na hao ndio ambao wangekurudishia mzigo. Wengine watatuma picha, na mteja aliyekutumia picha ya ndani ya kompyuta yake ameshaanza kukuamini.

Nimeandika picha tatu hizo kwenye karatasi, nimebandika ukutani juu ya meza ya kufungia mizigo. Kila hela ikiingia, naangalia karatasi kabla sijagusa gundi. Na wewe andika yako.

Una kompyuta ya mteja hapo huelewi uanzie wapi? Weka kwenye komenti aina ya mashine, wati za pawa saplai na gemu analotaka kucheza. Tusaidiane.