Programu huria: Mkopaji aweza kuijua riba kabla ya kusaini

MFANYABIASHARA wa Mchafukoge anayekopa Sh2 milioni kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa muda wa miezi 12, anaweza kujikuta akirejesha Sh2.72 milioni au Sh2.41 milioni, kutegemea namna riba hiyo inavyokokotolewa.

Tofauti hiyo ya takriban Sh309,000 inaweza kujulikana kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa kutumia programu ya kompyuta isiyolipiwa hata senti moja.

Katika njia ya kwanza, riba hutozwa juu ya mkopo wote hadi mwezi wa mwisho, hata kama sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa. Asilimia 3 ya Sh2 milioni ni Sh60,000, ambayo kwa miezi 12 hufikia Sh720,000. Rejesho la kila mwezi huwa Sh226,667.

Njia ya pili hutoza riba juu ya salio tu, hivyo riba hupungua kadiri deni linavyopungua. Rejesho la kila mwezi huwa Sh200,924.

Hesabu ya kwanza haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Ya pili huchosha, kwani riba ya kila mwezi hutegemea salio la mwezi uliotangulia. Hapo ndipo programu za hesabu zinapohitajika.

Miongoni mwake ni GNU Octave, ambayo John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992 nchini Marekani, baada ya kukusudiwa kwanza kwa wanafunzi wa uhandisi wa kemikali. Nyingine ni R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand.

Katika R, mtumiaji huandika mstari mmoja, 2000000*0.03/(1-1.03^-12), na jibu la 200924.2 hutokea papo hapo. Asiyezoea kuandika amri anaweza kutumia jedwali la LibreOffice Calc, lenye kanuni ya marejesho iitwayo PMT.

Programu hizi huitwa huria si kwa sababu ya kutolipiwa pekee. Leseni zake humruhusu mtu kuzitumia kwa shughuli yoyote, kuchunguza zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuzigawa. Anayemnakilia jirani yake hatendi kosa, tofauti na anayenakili bila ruhusa programu za kulipia, ambazo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Lugha nayo ilishughulikiwa mapema. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye jedwali la hesabu kwa Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010.

Hata hivyo, kompyuta hukokotoa kile ilichoelezwa tu. Haiwezi kujua mkopeshaji anatumia njia ipi. Mkopaji hana budi kuuliza kwanza: riba hii ni ya mkopo wote, au ya salio? Akishapata jibu, mstari mmoja wa hesabu utamwonyesha gharama halisi ya mkopo wake.