Goma: Uwanja wa Unité, kutoka mpira hadi mikutano ya vita

Uwanja wa Unité, yaani Uwanja wa Umoja, unajulikana na wakaaji wa Goma kama nyumbani kwa timu ya DC Virunga. Unaweza kupokea watu karibu 10,000. Lakini mwaka 2025, watu walioitwa humo hawakuja kutazama mpira.

Waasi walikuwa wameshawaita watu wa Goma mkutanoni tarehe 21 Novemba 2012. Siku moja kabla, waasi wa M23 walikuwa wameteka mji. Msemaji wao, Vianney Kazarama, alisimama mbele ya raia, askari na polisi waliobaki Goma. Aliwaomba wenye silaha wazikabidhi, na akatangaza kwamba safari itaendelea hadi Bukavu na Kinshasa. Haikufika huko: tarehe 1 Desemba, M23 waliondoka mjini.

Mwaka uliofuata vita viliendelea, na hata muziki ulisubiri. Tamasha la Amani, lililopangwa 2013, liliahirishwa. Lilifanyika Februari 2014, baada ya M23 kushindwa, na halikufanyika Unité bali katika kiwanja cha shule, Collège Mwanga. Miaka iliyofuata, maelfu ya vijana walikuwa wakikusanyika hapo kucheza na kuimba.

Mkutano wa Unité ulikuwa tarehe 6 Februari 2025. M23 walikuwa wameingia tena Goma mwisho wa Januari. Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu miili karibu 2,900 baada ya mapigano hayo, na familia nyingi zilikuwa bado kwenye matanga. Corneille Nangaa, kiongozi wa AFC na aliyewahi kuwa mwenyekiti wa CENI, aliita watu Unité. Aliahidi usalama, na yeye pia alitaja Kinshasa.

Kwa nini Unité? Anayeshika mji anatafuta mahali pa kuonekana na watu wengi kwa mara moja, na Goma mahali hapo panajulikana na kila mtu.

Ila mtu anayekwenda kwenye mechi anachagua timu yake, na akichoka anarudi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi uwanja huo ulijengewa, na ndiyo vijana wa Goma wanaihitaji.