Vumbi la karasha na walinzi wa kifua

Kamati yetu ya msikiti hapa Geita ina daftari la maombi ya misaada. Tulipolipitia hivi karibuni, tuliona jambo tulilopaswa kuliona mapema: wengi wanaorudi kuomba nauli ya hospitali kwa sababu ya kifua ni vijana wanaosaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha. Mmoja wao alimaliza dawa za kifua kikuu, akapona, akarejea kwenye karasha, kisha akaugua tena. Wapo waliosema amelogwa. Wapo waliosema hakumeza dawa. Sisi tulimpa unga na kumwombea dua, wala hatukumuuliza anafanya kazi gani.

Swali hilo lilikuwa la kwanza kuulizwa. Mawe ya dhahabu ya ukanda wetu kwa kawaida huwa na madini ya silika. Jiwe linaposagwa pakavu hutoa vumbi ambalo chembe zake za hatari hazionekani kwa macho, kwani ni nyembamba mara kumi au zaidi kuliko unywele. Chembe hizo hupita puani na kooni hadi kwenye kina cha mapafu.

Huko Mwenyezi Mungu ameweka walinzi, nazo ni seli zinazomeza kila kigeni kinachoingia. Kijidudu kikimezwa, aghalabu huuawa humo. Silika haiuawi wala haiyeyushwi. Huipasua seli kwa ndani. Seli hufa, na chembe hubaki huru kumezwa na mlinzi mwingine, ambaye naye hufa. Kila seli inayokufa huamsha uvimbe, na uvimbe wa miaka mingi huyageuza mapafu laini kuwa makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na haujapatiwa dawa ya kuuponya.

Kijidudu cha kifua kikuu nacho humezwa na seli hizo hizo. Kikikuta walinzi wamedhoofika, hustawi. Ndiyo maana mtu aweza kutibiwa vizuri akapona, kisha akaugua tena. Na hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha kazi. Utafiti wa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2000, ulionesha kwamba silikosisi na virusi vya UKIMWI vikikutana katika mwili mmoja, hatari ya kifua kikuu haijumlishwi bali huzidishwa. Mwaka 2012 wakuu wa nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, walitoa azimio mahususi kuhusu kifua kikuu migodini.

Kinga hupata dhara la pili pia: huweza kuchanganyikiwa na kuushambulia mwili inaoulinda. Mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini alieleza habari za wachimbaji wa dhahabu waliokakamaa ngozi kwa maradhi ya namna hiyo. Zebaki nayo imeshukiwa. Watafiti nchini Brazili wamewakuta wachimbaji wa dhahabu wanaoitumia wakiwa na kingamwili nyingi zaidi zinazolenga seli za miili yao wenyewe. Zebaki si jambo la mbali: Rwamagasa, hapa hapa Geita, ilichunguzwa mwaka 2003 katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kuipunguza.

Kwa hiyo tunawaambia wafanyakazi: ukikohoa wiki mbili, nenda kapime, na umweleze daktari kwamba unasaga mawe. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Kilemba au kitambaa usoni hakizuii chembe hizo. Kinachosaidia zaidi ni maji, yaani kusaga jiwe likiwa limelowa. Kina mama, nguo za karasha zisikung'utwe ndani wala kulaliwa na watoto, zilowekwe kwanza. Zebaki isichomwe nyumbani kamwe, hata kwa kiasi kidogo.

Kwa wenye makarasha tunasema kwa uzito, na kwa haya pia, kwa kuwa baadhi yao ndio waliotuchangia saruji na mabati. Tulichelewa kusema kwa sababu hiyo, na hilo ni kosa letu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kumlinda mfanyakazi. Dini yetu, inayotuhimiza kumlipa mtu ujira wake kabla jasho halijakauka, haiwezi kuridhika tukimlipa ujira huku tukimwondolea pumzi. Bomba la maji kwenye karasha ni sadaka yenye kuendelea. Bati la msikiti halilipi pafu la mtu.

Tumekubaliana katika kamati kwamba kila anayeomba msaada wa kifua ataulizwa kazi yake, na mwenye karasha lake atatembelewa na wazee wawili kwa nasaha, awe amechangia msikiti au hakuchangia. Yule ndugu yetu yumo tena kwenye dawa. Akimaliza, anatafutiwa kazi isiyo na vumbi, na mwenye kazi hiyo ajitokeze.

Wabillahi tawfiq.