Uthabiti wa kibiolojia katika akwaria ya matumbawe

Uthabiti wa kibiolojia katika akwaria ya matumbawe ni hali ya tangi la maji ya chumvi ambamo bakteria na vijiumbe vingine vinatosha kugeuza taka za samaki kwa kasi ileile ya kutolewa kwake, hivyo sumu hailimbikizani majini. Hali hiyo haipatikani siku tangi linapojazwa. Hatua yake ya kwanza huchukua wiki kadhaa, na ukomavu kamili huchukua miezi mingi.

Sababu ya kawaida ya vifo vya samaki katika tangi jipya ni haraka. Maji huonekana maangavu tangu siku za mwanzo, lakini amonia iliyoyeyuka haina rangi, na uangavu wa maji si dalili ya usalama wake.

Chanzo cha sumu

Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua. Mabaki ya chakula na viumbe waliokufa pia hutoa amonia vinapooza. Baharini taka hizo huenea katika maji mengi mno, lakini katika tangi la lita 200 hubaki palepale.

Majini amonia huwa katika hali mbili: amonia yenyewe (NH₃), ambayo ni sumu kali, na ioni ya amoniamu (NH₄⁺), ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kadiri pH na halijoto zinavyopanda, ndivyo sehemu ya NH₃ inavyoongezeka. pH ikipanda kwa kizio kimoja, kwa mfano kutoka 7 hadi 8, sehemu hiyo huongezeka karibu mara 10. Kwa kuwa pH ya maji ya bahari ni 8 na kidogo zaidi, kiasi kilekile cha amonia ni hatari zaidi katika tangi la maji ya chumvi kuliko katika tangi la maji baridi lenye pH 7.

Kazi ya bakteria

Kundi la kwanza la vijiumbe hugeuza amonia kuwa nitriti (NO₂⁻), na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati (NO₃⁻). Mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walionyesha kwamba mabadiliko hayo hufanywa na viumbe hai, na baadaye Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wanaohusika. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba kijiumbe cha kundi la arkea kilichopatikana katika tangi la akwaria ya Seattle, Marekani, nacho kinaweza kugeuza amonia kuwa nitriti. Kilipewa jina la Nitrosopumilus maritimus.

Vijiumbe hivyo huishi hasa juu ya mawe, mchanga na chujio. Ndani ya maji yenyewe ni vichache. Kwa hiyo kumwaga maji ya zamani katika tangi jipya husaidia kidogo tu, lakini jiwe au mchanga kutoka tangi lililokomaa husaidia sana. Tena huzaliana polepole: bakteria wa kuozesha wanaweza kuongezeka maradufu kwa chini ya saa moja, lakini hawa huhitaji saa nyingi. Hiyo ndiyo sababu tangi jipya linahitaji kusubiriwa.

Nitrati haina sumu kali, ila ikilimbikizana hustawisha mwani. Ndani ya mawe yenye vitundu, mahali oksijeni inapokosekana, bakteria wengine huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, nayo hutoka majini. Nitrati inayobaki hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Mawe hai na mawe makavu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza namna ya kutunza viumbe vya bahari kwa kutumia mawe yaliyotoka kwenye miamba ya matumbawe na mapovu ya hewa tu. Mawe hayo huitwa mawe hai, kwa sababu huja na bakteria, mwani, minyoo na wanyama wadogo. Wale wanaokufa safarini huoza na kutoa amonia, kwa hiyo mawe hai pia hupaswa kusubiriwa. Mawe makavu hayaleti wadudu wasiotakiwa, lakini huanza bila bakteria, na tangi lake huchelewa kukomaa.

Hatua za kuanzisha tangi

Maji yaliyochujwa mpaka yakabaki karibu bila madini huchanganywa na chumvi maalumu hadi kufikia gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo moja ya maji. Halijoto huwekwa kwenye nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, na pampu huzungusha maji mfululizo.

Kisha tangi hulishwa amonia kabla ya kuwekwa samaki yeyote, kwa kawaida hadi miligramu 2 kwa lita. Vipimo hufuata mpangilio huu: amonia hubaki juu, halafu hushuka huku nitriti ikipanda; baadaye nitriti nayo hushuka na nitrati huongezeka. Mara nyingi hayo huchukua wiki 3 hadi 6. Tangi huhesabiwa kuwa tayari linapoweza kumaliza amonia hiyo kwa saa 24 bila kubakiza nitriti.

Hapo huingizwa samaki mmoja au wawili wadogo. Idadi ya bakteria hulingana na chakula wanachopata. Samaki 10 wakiwekwa kwa siku moja, taka huzidi uwezo wa bakteria waliopo na amonia hurudi. Wengine huongezwa mmojammoja, baada ya vipimo kuonyesha kwamba amonia haipo.

Kipindi cha mwani

Baada ya amonia kwisha, tangi bado ni changa. Mara nyingi diatomu hufunika mchanga kwa utando wa kahawia, halafu huja mwani wa kijani au sianobakteria wenye utando mwekundu. Hali hiyo hupungua kadiri nyuso zinavyokaliwa na viumbe mbalimbali vinavyoshindania nafasi na chakula. Konokono walao mwani, kupunguza chakula na kubadilisha maji husaidia. Kuondoa kabisa nitrati na fosfati si dawa: matumbawe hudhoofika, na dinoflagelati wanaweza kushamiri.

Matumbawe mengi yanayofugwa huishi pamoja na mwani wa seli moja ulio ndani ya miili yao, ambao huyapa chakula. Joto likizidi au hali ya maji ikibadilika ghafla, mwani huo hutoka na matumbawe hupauka. Kwa hiyo matumbawe laini hutangulia; yale magumu, yanayohitaji kalisi na ualkali usiobadilika, husubiri miezi zaidi.

Makosa ya kawaida

Kuosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini huua bakteria. Dawa za shaba, zinazotumika kutibu samaki, huua matumbawe na konokono, hivyo matibabu hufanyika katika tangi la pembeni. Umeme ukikatika, oksijeni hupungua upesi kwa sababu bakteria nao huitumia. Pampu ya hewa ya betri huweza kuokoa tangi zima.

Uhusiano na bahari

Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na biashara yake kati ya nchi na nchi huhitaji kibali. Mabadiliko ya nitrojeni yanayopimwa katika tangi hutokea pia katika miamba ya bahari, ikiwemo ile ya pwani ya Kenya na Tanzania. Huko pia, majitaka yakizidi, mwani hustawi na kufunika matumbawe.