Sheria na Usimamizi katika Mchezo wa LambdaMOO

LambdaMOO ni mchezo wa kompyuta usio na picha: wachezaji hukutana kwa njia ya intaneti katika jumba lililojengwa kwa maneno matupu. Uliasisiwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California. Wasimamizi wake waliitwa wachawi. Kiswahili kingeelekea zaidi kuwaita waganga, kwani kazi yao ilikuwa kutengeneza, si kuharibu.

Mwishoni mwa 1992 walijitoa katika magomvi ya wachezaji, wakabaki na mambo ya ufundi tu. Mwaka 1993 mchezaji mmoja aliwadhalilisha wenzake hadharani kwa maelezo ya ubakaji. Wachezaji walijadiliana bila kuafikiana, kwa kuwa hapakuwa na sheria wala hakimu. Hatimaye mchawi mmoja alimfuta kwa uamuzi wake mwenyewe. Ndipo Curtis akaanzisha kura: pendekezo lililotiwa sahihi za kutosha lilipigiwa kura, na likipata ndiyo mbili kwa kila hapana moja, wasimamizi walipaswa kulitekeleza.

Hata hivyo, mwaka 1996 waliyatwaa tena mamlaka, wakikiri kwamba ufundi hautengani na maisha ya wachezaji. Anayegawa nafasi ya kujengea vyumba, kwa mfano, tayari amempa huyu na kumnyima yule.